Usimwage mchanga wa mtoni kwenye grini za gofu masika hii

Mkuu, simamisha hilo lori. Kama umeshalipa, afadhali ipotee hela ya lori kuliko zipotee grini, yale maeneo ya nyasi fupi yenye shimo la kutumbukizia mpira.

Umeandika kwamba Aprili wachezaji wanapungua, kamati imekuachia uwanja wa gofu wa mashimo 9 mpaka Juni, na unataka kutoboa grini zote, kuzitandazia mchanga wa mtoni uliopata kwa bei nzuri, kushusha kisu cha mashine ya kukata nyasi, kuweka mbolea, kutengeneza mabanka (yale mabonde ya mchanga) na kufanya sevisi ya mitambo. Nimesoma tumbo likanikata. Mpango huo niliutekeleza mimi, hatua kwa hatua, katika uwanja mmoja huku kaskazini, grini za ukoka wa bermuda kama zako.

Mwisho wa Machi tulitoboa matundu ya milimita 12, kina sentimita 8. Kisha malori yakaanza kuingia. Grini zetu zilikuwa na wastani wa mita za mraba 500, nami nikatandaza sentimita nzima kwa mkupuo mmoja ili tumalize kabla mvua haijachanganya. Piga hesabu: mita za ujazo 5 kwa grini, 45 kwa uwanja mzima. Zilipendeza kweli. Zilinyooka kama meza, mwenyekiti akaja kupiga picha.

Wiki ya sita ya mvua kedi mmoja, kijana wa kubeba mikoba ya wachezaji, akanifuata: "Bosi, shimo la nne linanuka mayai viza." Nikajua panya kafia humo. Nikachukua kikata shimo, nikatoa kipande, nikakipasua. Juu kulikuwa na tabaka la mchanga laini wa kijivu, limeloa chapachapa. Chini yake mstari mweusi kama masizi. Chini ya mstari ndiyo mchanga wetu wa zamani, wenye unyevu wa kawaida tu, kana kwamba masika yote ile haikuuhusu. Mizizi ilifika kwenye ule mstari ikapinda pembeni. Nikaenda la tano, lilelile. La saba, lilelile.

Nilikuja kuelewa baadaye, hela ikiwa imeshateketea. Mchanga laini una vinafasi vidogo sana, na vinafasi vidogo hung'ang'ania maji. Maji hayashuki kwenye mchanga mkubwa ulio chini mpaka tabaka la juu lijae kabisa, na masika hulijaza kila siku. Hewa ikikosekana, wanaingia bakteria wasiohitaji hewa, wanatengeneza gesi ya hidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu. Ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo, ndiyo huo weusi. Usiniambie matundu yatasaidia maji kupita, maana yetu tuliyajaza mchanga uleule. Tuliziba grini kwa mikono yetu.

Muuzaji aliniambia mchanga wa mtoni umeoshwa na Mungu mwenyewe. Yeye simlaumu sana. Wateja wake ni mafundi ujenzi, na mchanga unaopendwa kwa lipu ni ule wenye vumbivumbi la kuufanya ushikane. Sifa inayoufaa ukuta ndiyo inayoua grini. Ninayemlaumu ni yule aliyeletwa kama mtaalamu, akalipwa nauli, chakula na posho, akasugua mchanga kati ya vidole viwili akasema safi, endeleeni. Hakuutia kwenye chupa ya maji. Hakuchimba hata grini moja aone tulichokuwa nacho chini. Nikimkumbuka damu inachemka mpaka leo.

Grini 4 tulizichuna zote, ukoka na mchanga wake, tukapanda upya kutoka kitalu. Hizo 5 nyingine tulizitoboa tena na tena, tukitoa udongo na kujaza mchanga sahihi, huku watu wakichezea grini za muda kwenye feawei, ile njia ya nyasi ya kuelekea grini, kwa miezi 7. Vibarua 3 walisimamishwa kwa sababu fungu lao lilienda kwenye mchanga. Vijana hao walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri kuja kufagia umande. Hilo haliniishi.

Kwa hiyo shika neno langu moja tu: mchanga wowote usipande kwenye grini kabla hujaulinganisha na ulioko chini yake.

Anza na chupa angavu. Jaza mchanga theluthi moja, weka maji, tikisa, acha. Mchanga safi unatua haraka na maji yanabaki karibu angavu. Maji yakibaki kama chai ya maziwa, au asubuhi ukakuta utando wa tope juu ya mchanga, rudisha kwa mwenyewe. Ukifaulu hapo bado hujamaliza, peleka sampuli mbili maabara zikachekechwe: ya mchanga mpya na ya grini yako. Kipimo cha USGA, chama cha gofu cha Marekani, kinataka angalau asilimia 60 ya chembe ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, tope lisizidi asilimia 5 na mfinyanzi usizidi 3. Lakini kama grini zako za zamani hazijajengwa kwa kipimo hicho, fuata zilivyo, usifuate karatasi. Na ukitandaza, milimita 1 au 2, upige brashi mchanga uzame kati ya majani, basi. Urudie baadaye.

Kuhusu kutoboa, bermuda hupona kwa jua na joto. Masika ni mawingu, tundu linakaa wazi wiki nzima na nyingine. Fanya Januari au Februari kama una maji ya kumwagilia, au Oktoba joto likirudi. Na kisu usishushe, pandisha! Jani ndilo linalokusanya huo mwanga kidogo uliopo.

Kesho ukihamisha shimo, hicho kipande usikirudishe haraka. Kipasue katikati, kipige picha kikiwa kibichi, weka na picha ya chupa ya huo mchanga hapahapa. Usilipe mtu yeyote kabla sijaziona.