Kabla ya kuunda grupu la mtaa, piga hodi

Umeme ulipokatika Unguja kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, habari iliyokuwa na thamani mtaani kwetu Mpendae ilikuwa moja tu: leo maji yako wapi? Pampu zilisimama na mifereji ikakauka. Aliyejua kisima chenye maji alimwambia jirani, naye akamwambia wa pili. Mimi sikukosa maji, kwa sababu bibi wa nyumba ya pili hakuwahi kupita na ndoo bila ya kuniita.

Nilipoanzisha grupu la WhatsApp la mtaa nilitaka kitu kile kile, lakini nilianza vibaya. Nilichukua daftari la michango ya khitma nikaingiza namba zote usiku mmoja bila ya kumuuliza mtu. Kulipokucha mlikuwa na matangazo ya biashara, malumbano ya siasa na video zisizotazamika mbele ya watoto. Hayo ningeyavumilia. Lililoniuma ni kwamba ndani ya grupu kila mtu anaiona namba ya mwenzake, na binti wa jirani akaanza kuandikiwa usiku na mwanamme asiyemjua. Mama yake alikuja kwangu, akakaa mkekani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, namba ya binti yangu ulipewa na nani?" Sikuwa na jibu. Nikawatoa watu mmoja mmoja mpaka nikabaki peke yangu, nikalifunga.

La pili nililianza kwa miguu. Kila baada ya Alasiri, kwa wiki mbili, nilipiga hodi nyumba kwa nyumba. Nikaeleza kwamba grupu ni la maji, umeme, usalama wa watoto, maradhi na misiba, na kwamba namba yako wataiona wote waliomo. Wapo waliokataa, na nikaaga vizuri. Wapo kina mama waliosema niweke namba ya mtoto wao wa kiume badala ya yao. Sawa pia, ilimradi habari inafika ndani. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika grupu moja, lakini sisi tuko 63, wa vichochoro vitatu, na sitaki tuzidi hapo. Linki ya kuingilia haitumwi popote. Mgeni huletwa na mwenyeji wake.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, nilimfuata mwanzo kabisa, akajua. Matangazo yake ya chanjo na usafi sasa yanatufikia mapema. Hata hivyo, kwa maoni yangu asiwe msimamizi. Watu wakiona grupu ni la serikali, wataona tabu kuandika kwamba taa ya njiani imezima wiki ya tatu sasa. Wasimamizi wetu ni watatu, na mmoja wao ni mama ambaye wanawake wa mtaa wanaweza kumwambia lolote. Yule mwanamme wa usiku angekuwemo leo, angetolewa kabla ya Alfajiri.

Sasa niseme la tanzia, maana hili ndilo zito kuliko yote. Mzee mmoja wa mtaa alifariki hospitali mchana. Jirani, kwa nia njema kabisa, akaandika "Inna lillahi" na jina la marehemu. Mtoto wa marehemu alikuwemo kwenye grupu, na wakati ule alikuwa ndani ya boti akitokea Dar es Salaam kuja kumuuguza baba yake. Alikisoma kifo cha baba yake katikati ya bahari, hana hata mtu wa kumshika mkono. Tangu siku ile, tanzia haiandikwi mpaka mtu wa familia aseme wote wa karibu wameshaambiwa, na anayeiandika ni msimamizi peke yake, pamoja na saa ya maziko na msikiti wa kusaliwa. Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hili.

Picha za "mwizi" nazo hatuzikubali. Kijana tuliyetaka kumsambaza aligeuka kuwa mgeni kutoka Pemba, amekuja kwa shangazi yake, amepotea uchochoro. Ukiona jambo la hatari, piga 112 kwa polisi, na kwa moto 114, halafu ndiyo uandike.

Kuhusu uvumi tuna kanuni fupi: ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kupita mikono mingi, hauingii. Wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, tuliweka taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa tu, na waliokuwa na safari ya boti walijua mapema waahirishe.

Wasiokuwa na simu janja tumewagawana. Bibi yule wa ndoo bado yupo, macho yamepungua nuru, na simu yake ni ya kitochi. Maji yakifunguliwa usiku, mtu huandika "yametoka", na kijana wa nyumba ya mbele hujibu "nakwenda kwa bibi". Jibu hilo lisipoonekana kwa dakika kumi, navaa kanga yangu nakwenda mwenyewe.