Maswali na Majibu ya Wasomaji: Chumba cha Chini ya Ardhi Kinahitaji Hita ya Ukubwa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi Minneapolis, Marekani, na tumeamua kwamba chumba cha pembeni katika besimenti kiwe cha mama, ambaye tunamtarajia kutoka Mwanza kabla ya majira ya baridi. Chumba kina mita 4 kwa 5, na kuta zake mbili ni za nje, za zege tupu, zenye urefu wa jumla wa mita 9. Sakafu iko mita 2.1 chini ya usawa wa ardhi. Juu ya ardhi zimebaki sentimita 30 za ukuta, pamoja na kidirisha kimoja cha vioo viwili. Nilizidisha eneo la kuta zote kwa kiasi cha joto ambacho zege tupu hupitisha na kwa tofauti kati ya nyuzi 20 za ndani na −23 za nje, nikapata zaidi ya wati 3,400 kwa kuta pekee, na muuzaji ananishauri ninunue hita mbili kubwa. Je, hesabu yangu ni sahihi?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako ingefaa kama kuta hizo zote zingekuwa nje zikipigwa na upepo. Sehemu iliyozikwa haigusani na hewa ya nyuzi −23 bali na udongo, ambao hupoa taratibu, nyuma sana ya hewa. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Kanada, Latta na Boileau, walieleza kwamba joto linalotoka ukutani hupita udongoni kwa njia ya tao hadi lifike juu ya ardhi. Kwa hiyo, kadiri sehemu ya ukuta ilivyo chini zaidi, ndivyo tao linavyorefuka na ndivyo udongo wenyewe unavyosaidia kulizuia joto hilo. Wahandisi wa Amerika Kaskazini bado wanatumia njia iliyojengwa juu ya wazo hilo.

Katika njia hiyo, mahali pa joto la hewa huwekwa joto la uso wa ardhi wakati wa baridi kali, linalopatikana kwa kuchukua wastani wa joto la ardhi kwa mwaka na kutoa kiasi ambacho joto la uso wa ardhi hushuka chini ya wastani huo majira ya baridi. Kwa mji wenu tuchukue wastani wa nyuzi 8, tutoe 12, tubaki na −4, yaani tofauti ya nyuzi 24 badala ya 43. Ukuta wa zege tupu uliozikwa mita 2.1, ukihesabiwa pamoja na udongo wa kawaida, hupitisha wastani wa wati 0.98 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, ilhali ukuta huohuo ukiwa wazi hupitisha kama 3.7. Eneo lenu lililozikwa ni mita za mraba 18.9, hivyo 18.9 × 0.98 × 24 ni wati 445. Sakafu, ambayo watu wengi huilaumu kwa sababu miguu huihisi, hupoteza wati 80 tu ikiwa besimenti nzima ina upana wa mita 8.

Sasa tazama zile sentimita 30 za juu. Ni mita za mraba 2.7 tu, lakini 2.7 × 3.7 × 43 ni wati 430, karibu sawa na ukuta wote uliozikwa! Kidirisha nimekihesabu humohumo, kwa kuwa vioo viwili vya kawaida havizidi sana zege tupu kwa kuzuia joto. Ukiongeza kama wati 205 za hewa baridi inayopenya, jumla ni takriban wati 1,160, mradi vyumba vya jirani na vya juu vina joto lilelile. Hita moja ya wati 1,500 inatosha.

Hata hivyo, kabla ya hita ningeanza na ukuta. Shiti za povu gumu za sentimita 5, zikibandikwa barabara kwenye zege na kufunikwa kwa jipsamu kwa ajili ya usalama wa moto, zitashusha wati 445 hadi 150, na zile 430 hadi kama 100, nusu yake ikiwa ni kidirisha. Kama fedha ni chache, usiache sehemu ya juu: katika ukuta uliozikwa, sentimita 60 za kwanza peke yake hupoteza zaidi ya nusu ya zile wati 445. Ukuta ukiwa unavuja, uzibwe kwanza, maana povu litauficha unyevu bila kuuondoa.

Jambo moja hukuliuliza. Kanuni za ujenzi za huko zinataka chumba cha kulala cha besimenti kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea wakati wa moto, na kidirisha cha sentimita 30 hakifai, hasa kwa mtu mzima. Ulizeni ofisi ya ujenzi ya mji vipimo vinavyotakiwa. Dirisha jipya la mita za mraba 0.7 linalopitisha wati 1.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti litapoteza kama wati 51, kiasi kilekile kinachopotea sasa kwenye kidirisha cha mita za mraba 0.4, kwa hiyo ukubwa wake usiwatie hofu ya baridi.