Kabla hujaita kikao cha kwanza: kwa wawezeshaji wapya wa Moshi

Ukija huku ukitokea kwenye uelimishaji rika wa UKIMWI au kwenye VICOBA, tabia moja iache mlangoni: kusimama mbele na kufundisha. Kundi la kusaidiana la watu wazima wenye usonji (autism), ADHD (ugumu wa kutulia na kumakinika) au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) halina wanafunzi. Unachorekebisha wewe ni chumba, muda na ujumbe. Watu waache walivyo.

Anza na chumba. Ukumbi wa bure karibu na stendi utakugharimu kuliko wa kulipia: honi, wapiga debe, spika za matangazo. Wengi wenye usonji masikio yao hayachuji. Kila sauti inaingia kwa uzito uleule, na baada ya nusu saa mtu amechoka kama aliyepakua lori. Tafuta upande wa Shanty Town au Rau, na ukakikague siku ileile na saa ileile ya kikao, maana chumba kilicho kimya Jumanne huenda Jumamosi kikapakana na mazoezi ya kwaya. Tazama juu pia. Bati lisilo na dari wakati wa masika, Machi hadi Mei, hakuna atakayemsikia mwenzake. Taa za tyubu zinazopepesa zizime, fungua mapazia. Viti vya chuma vinavyokwaruza sakafu ya saruji vivalishe viatu: kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vya sentimita 10, ingiza mguu, kunja ncha, funga kwa uzi. Viti viwili viache jirani na mlango, kwa anayetaka kutoka bila kuaga. Vilivyobaki vipange nusu duara, kwani duara kamili linalazimisha watu kutazamana usoni.

Sita hadi wanane wanatosha, na wawezeshaji wawili, mmoja wao awe mwenyewe ana hali mojawapo kati ya hizo. Dakika 90, mapumziko 15 katikati. Chai na vitafunwa viwe vilevile kila mara. Kwetu kukataa andazi ni karibu na tusi. Humu ndani si tusi, usimbembeleze mtu.

Ujumbe wa mwaliko ndio unaoharibu vikao vingi. “Tukutane Jumamosi asubuhi, palepale” hausemi kitu. Andika: “Jumamosi, saa nne kamili asubuhi (simu yako itaonyesha 10:00). Geti la bluu. Tunamaliza saa tano na nusu.” Hiyo 10:00 usiiache, kwa sababu mwenye ADHD anategemea kengele ya simu, na akiitega saa 4:00 itamwamsha alfajiri na kikao atakikosa. Maneno hayohayo yasome kwa ujumbe wa sauti, kwa ajili ya wenye disleksia. Kumbusha jioni ya kuamkia siku hiyo, kisha saa mbili kabla ya kuanza. Atakayechelewa hajakudharau, mpe kiti muendelee.

Mlangoni weka kadi za rangi tatu. Utaratibu huu ulianzia kwenye mikusanyiko ya watu wenye usonji wenyewe huko Marekani: nyekundu, usinisemeshe, njano, wanisemeshe ninaowajua tu, kijani, nataka mazungumzo ila kuanza kunanishinda. Shikamoo itolewe kwa mdomo, mkono si lazima. Asiyekutazama machoni usimsome kuwa ana kiburi au anadanganya. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza mwenye usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wewe nawe humsomi vizuri.

Zamu ya kusema iwe dakika nne, saa ya mchanga ikae mezani kila mtu aione. Kwa asiyetaka kusema, neno “napita” linatosha, halidai maelezo. Anayeweza kuzungumzia ratiba za mabasi hadi jioni usimkatize kila mara; mtengee robo saa ya mwisho.

Mtu akielemewa, akalia au akanyamaza kabisa, msimzunguke wala kumshika. Aongee mmoja, sentensi fupi. “Tulia!” haijawahi kumtuliza mtu. Kifafa nacho kinawapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, kwa hiyo jifunze mapema: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala kumnusisha kiberiti, angalia saa, zikipita dakika tano, hospitali.

Usimdai mtu cheti cha daktari, usimpe jina la hali ambalo hajajipa, wala msilinganishe dozi za dawa. Akigusia kujiua, muulize waziwazi, usimwache peke yake, mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili katika hospitali ya KCMC au Mawenzi.

Moshi ni ndogo: mkikutana sokoni Mbuyuni, usitaje kikao mbele za watu. Picha za kumwonyesha mfadhili, hapana.

Mikopo itaulizwa tu, maana halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Ukiiingiza mapema, watakuja wasaka mkopo na wenye shida ya kusikilizwa wataondoka. Anayeitaka mpeleke kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata siku ya kazi, si Jumamosi ya kikao.