Maswali ya Wasomaji: Ngege, nyavu na majalada ya zamani

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha 3. Nataka wanafunzi waione sayansi kama kazi ya watu, kupitia nyaraka. Nilipojaribu niligawa kurasa 20. Kengele ikalia hawajafika popote. Nianzie wapi? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, kurasa 20 ni za mtafiti. Kipindi cha dakika 40 kinatosha ukurasa mmoja, na humo uchague aya mbili. Ukiwa Kisumu, mada iko ziwani. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alichunguza uvuvi wa Ziwa Victoria. Nyavu za kutega zilizoletwa na wageni mwanzoni mwa karne zilikuwa zimepunguza ngege, samaki wa jamii ya perege, naye akapendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5.

Hapo ndipo wanafunzi hukosea. Wakiambiwa inchi 5, huchora mraba wenye upande wa inchi 5, na hilo ni tundu kubwa maradufu. Wavu hupimwa ukiwa umevutwa, fundo hadi fundo la mkabala. Kila kikundi cha watu 5 kifunge kitanzi cha uzi chenye mzunguko wa milimita 254. Kikivutwa kinatoa 127, yaani inchi 5, na kila upande wa tundu ni milimita 63.5. Wapitishe ndani yake samaki wa karatasi wa unene mbalimbali. Wataona wenyewe mdogo anapenya akakue na kuzaa, na wataelewa kwa nini mwenye wavu wa macho madogo alipinga: samaki wa leo jioni walikuwa wakimponyoka.

Kisha rudini kwenye ule ukurasa wa nyaraka na swali moja: nani ametajwa kwa jina, na nani anaitwa tu “wavuvi” au “wenyeji”? Graham alimpa ngege jina la kisayansi esculenta, maana yake anayelika. Wajaluo walikuwa wakimwita ngege kabla Graham hajafika, na kwamba analika walikwishajua. Msiliharakishe swali hili. Lipewe dakika 15 nzima. Maneno ya dharau mkiyakuta msiyafute. Yasomwe, kisha mwulize yaliandikwa yasomwe na nani.

Kuhusu kupata nyaraka: Idara ya Nyaraka za Taifa ina kituo Kisumu. Ukitafuta “Winam”, jina la leo la ghuba ya Kisumu, katika majalada ya ukoloni utatoka mikono mitupu. Tafuta “Kavirondo”, jina la ghuba na wilaya zake enzi hizo. Nenda na penseli, kwani wino ukimwagika haufutiki. Nambari ya jalada iandike kwenye kona ya kila nakala palepale, maana nakala isiyo na nambari haithibitiki tena. Mwandiko wa mkono uchape upya, na nakala ya asili ibaki kando yake.

SWALI: Sisi wa Nakuru hatuna ziwa la ngege. Tutumie nini? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Ngano. Njoro ni jirani, na utafiti wa mbegu ulianza huko enzi za ukoloni, adui mkubwa akiwa kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu. Aina moja ya kutu hiyo, Ug99, iliyopewa jina kwa kuwa ilitambuliwa Uganda na kuelezwa mwaka 1999, imefanya ngano za nchi nyingi zijaribiwe Njoro. Muulize mkulima wa hapo alipanda mbegu gani na kwa nini aliiacha, kisha jibu lake lilinganisheni na ripoti ya kilimo ya mwaka huohuo.