Maua mabichi na vitabu vya zamani rafu moja?
Hapana. Maua mabichi kwenye chombo cha maji usiyaweke rafu moja na vitabu vya zamani, hasa kwa hewa ya pwani kama Tanga au Mombasa. Karatasi hunyonya unyevu, na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hivi, ukungu huota. Nina kitabu cha marehemu babu kilichokaa kando ya waridi miezi michache tu: jalada limejikunja, kurasa za mwisho zina madoa ya kahawia. Inaniuma hadi leo.

Tumia maua yaliyokauka kabisa, na acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya vitabu hewa ipite. Ila rafu isipigwe na jua la dirishani, rangi ya majalada itapauka.