Je, watawa wa kwanza waliwakana ndugu zao?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mdogo wangu anataka kuingia utawani na mama hali wala halali. Mama anadai watawa wa kwanza waliwakana ndugu zao, na kwamba wanawake walikuwa wasindikizaji tu. Ni kweli?

JIBU: Milele amina. Hilo la kusindikiza si kweli. Antoni, mmoja wa watawa wa kwanza, kabla ya kwenda jangwani kule Misri, alimkabidhi mdogo wake wa kike kwa mabikira. Wasimulizi wengi humwacha binti hapohapo, lakini Atanasi, askofu aliyeandika maisha ya Antoni, anaandika kwamba baadaye Antoni alimkuta amezeeka katika ubikira wake, akiwaongoza wenzake.

Pakomi ndiye aliyeanzisha maisha ya pamoja Tabennisi, kando ya mto Nile, karne ya 4. Dada yake Maria alifunga safari kwenda kumwona. Hakutoka! Alimtuma bawabu amwambie: umeshasikia kwamba mimi ni mzima, usihuzunike kwa kutoniona, ukipenda maisha haya, ndugu watakujengea mahali. Ningekuwa mimi, ningegeuza njia. Maria alilia, kisha akakubali. Akajengewa karibu na monasteri ya wanaume, wanawake wakamfuata, naye akawa mama yao.

Nyumba hizo mbili zilitegemeana. Wanawake walitengeneza mavazi ya watawa wa kiume. Bikira akifariki, wenzake walimwandaa na kumlaza ukingoni mwa mto. Wanaume walivuka mto wakiwa na makuti ya mitende na matawi ya mizeituni, wakamvusha kwa zaburi na kumzika katika makaburi yao wenyewe.

Kwa Makrina, bikira wa karne hiyohiyo kule Ponto, katika Uturuki ya leo, familia yenyewe iligeuka kuwa monasteri. Alimshawishi mama yake, Emmelia, aache maisha ya kitajiri na kuishi na wajakazi wake kama wenzake, meza moja, malazi yaleyale. Mdogo wake wa mwisho, Petro, alimlea yeye. Mdogo wake mwingine, Gregori wa Nisa, aliyeandika maisha ya Makrina baada ya dada huyo kufa mwaka 379, anamwita mwalimu wake, na Gregori mwenyewe alikuwa askofu.

Lakini hofu ya mama siipuuzi. Paula, mjane wa Roma, alipopanda meli kwenda nchi takatifu, mwanawe mdogo alibaki bandarini amenyoosha mikono, na binti yake Rufina akilia kimyakimya, akitamani mama angoje kwanza harusi yake. Jeromu, padre msomi aliyekuwa rafiki yake, anamsifu Paula kwa hilo. Mimi hapo simfuati. Binti mwingine, Eustochium, alisafiri naye, na ndiye aliyeongoza monasteri ya wanawake Betlehemu baada ya Paula kufa mwaka 404.

Mwambie mama pia kwamba kanuni za Pakomi, pamoja na ukali wake, zilimruhusu mtawa wa kiume kwenda kwenye monasteri ya wanawake kumwona mama, dada, binti, hata mama wa watoto wake aliyekuwa huko, mradi aende na mzee wa kuaminika na warudi pamoja. Siku hizi mashirika yana taratibu tofauti za likizo na kutembelewa. Mdogo wako aziulize kabla hajaandika barua ya maombi, na mama awepo anapouliza.