Maswali ya Wasomaji: RAM Iliyopotea na RAM Mbovu

SWALI: Laptopu yangu ya mtumba, niliyoinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, iliuzwa kuwa na RAM ya GB 8. `free -m` inaonyesha 7640. Ajabu ni kwamba nikiandika `sudo dmesg | grep e820`, mstari wa mwisho unaosema "usable" ni `0x0000000100000000-0x000000021dffffff`, na anwani hiyo inapita GB 8! Nimeuziwa RAM bandia? — Msomaji, Kayole

JIBU: La, na hesabu yako ni sahihi. Kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux haiendi ikijaribu anwani moja moja kutafuta RAM, maana anwani nyingine ni za vifaa, na kuvigusa ovyo kunaweza kuikwamisha mashine. Huuliza femuwea, programu iliyomo kwenye bodi, ili ipate ramani ya RAM. Kwenye BIOS za zamani swali hilo ni wito wa INT 15h wenye namba E820 ndani ya EAX, rejista ya prosesa, na kila jibu lina baiti 20: mwanzo, urefu na aina. Aina 1 ni RAM huru, 2 imezuiwa, 3 ni majedwali ya ACPI (mfumo wa kusimamia umeme na vifaa) yanayoweza kuachiliwa baadaye, 4 ya ACPI isiguswe, 5 ni mbovu. UEFI, femuwea ya kisasa, hutumia GetMemoryMap, ila kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) jina la e820 limebaki. Vipande viwili vya ramani vikigongana, Linux hufuata aina yenye namba kubwa, kwa hiyo "imezuiwa" huishinda "huru".

Sasa mstari wako. Unaanzia MiB 4096 na kuishia MiB 8672. Toa 8192 (GiB 8), unabaki na 480. Chini ya GiB 4 femuwea imeacha shimo lisilopungua MiB 480 kwa ajili ya vifaa vya PCI, na RAM ambayo ingekaa hapo imehamishiwa juu. Haikupotea.

Kilichopungua kwenye `free` kimechukuliwa na grafiksi ya ndani, na femuwea yenyewe, na kerneli. Kerneli huweka rekodi ya baiti 64 kwa kila ukurasa (kipande cha RAM) wa KiB 4. Kwa GiB 8 hiyo peke yake ni MiB 128. Ukitaka kuiona ramani nzima, andika `sudo cat /proc/iomem` (bila sudo utaona sufuri tupu). Ukubwa halisi wa vipande vilivyochomekwa utaupata kwa `sudo dmidecode -t memory`. Huo ndio ushahidi wa kumpelekea muuzaji, si `free`.

SWALI: Kipimo cha RAM kinarudia kosa moja kwenye anwani 0x18691a40. RAM imechomelewa kwenye bodi. Nifanyeje? — Msomaji, Rongai

JIBU: Izuie sehemu hiyo kwenye ramani kabla kerneli haijaanza kugawa kurasa. Shusha anwani hadi mpaka wa KiB 64, yaani 0x18690000. Kisha ndani ya `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux) ongeza kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ndani ya alama zake za nukuu:

`memmap=64K\\\$0x18690000`

Mikwaju mitatu ya nyuma (`\`) kabla ya alama ya dola ni lazima. Ukiisahau, shell (programu inayosoma amri) au GRUB itaila `$0`, na kerneli itapokea `memmap=64K` bila anwani. Maana yake hapo inageuka kuwa "tumia KiB 64 tu", na mashine haiwaki. Likikupata hilo, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, lifute neno hilo, washa, kisha urekebishe faili.

Baada ya `sudo update-grub` na kuwasha upya, tafuta kwenye dmesg mstari unaoanza na `user:` wenye 18690000 na neno "reserved". Usipouona, kinga haipo. Rudia kipimo kila baada ya wiki chache: makosa yakijitokeza kwenye anwani mpya, chipu inakufa, na kuzuia vipande hakutatosha. Nakili kazi zako mahali pengine leo, kwani biti iliyogeuka huharibu faili kimyakimya.